Nani Anampa Pole Nesi?

Mke wangu yuko Ulaya. Nikiitamka sentensi hiyo mbele za watu hapa Morogoro mjini, heshima inapanda ghafla. Washikaji wanakaa vizuri kwenye viti, na siku moja kuna jamaa alinisukumia bili yote ya meza, eti "shemeji si anatuma pauni". Huwa nawaacha wafaidi kama dakika tano hivi, kisha nawaambia ukweli. Ulaya yangu hupandi ndege. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, kwenye njia inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, na masika yakikolea ukifika huko bila gari kukwama unamshukuru Mungu wako.

Mke wangu ni nesi. Anafanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande ule, tumepanga vyumba viwili, na mimi kibarua changu kiko mjini. Kwa hiyo ndoa yetu ni ya wikiendi: Ijumaa jioni nashuka na mkate na nyama, Jumapili nageuza. Wengi wenu mnaosoma hapa mnayajua maisha hayo, mmoja Dodoma mwingine Mbeya, mapenzi yanaendeshwa kwa vocha.

Mhariri aliniomba niandike kuhusu wanandoa na msongo wa kazini. Nikafikiria foleni za Dar, mabosi wakorofi, malengo ya mauzo ya mwisho wa mwezi. Halafu nikajiona mnafiki, kwa sababu kilichotokea nyumbani kwangu mwaka jana kinanitosha makala nzima, na aliyekosea ni mimi.

JIONI ILIYONIUMBUA

Kulikuwa na mzee mmoja pale kijijini. Jina lake nalihifadhi, ingawa familia yake wameniruhusu niandike. Ujanani alikata mkonge kwenye mashamba ya Kilosa, mtu wa miraba minne, wanasema alikuwa anabeba mzigo wa watu wawili. Uzeeni akapata kansa ya tezi dume, ikagundulika imeshafika kwenye mifupa. Akapelekwa Dar, akapigwa mionzi, akarudishwa. Unaijua ile kauli: "Mpelekeni nyumbani akapumzike." Sisi tunaielewa kuwa ni kwaheri ya adabu. Tatizo ni kwamba kansa iliyoingia kwenye mfupa haipumziki, inauma mchana na usiku, na panadoli kwake ni kama kumwagia maji nyumba inayoungua kwa kikombe cha chai.

Mke wangu akawa anapita kwake kila akitoka shifti. Hakuna aliyemtuma. Anambadilisha upande asipate vidonda vya mgongo, anaongea na bibi, anaondoka.

Ijumaa hiyo nilimkuta hajarudi. Akaingia kama saa mbili usiku, akakaa mlangoni hata viatu hajavua. Mimi nilikuwa natazama mpira kwenye simu. Akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba mzee amemshika mkono na kumwambia: "Mwanangu, hamna sindano ya kumlaza mtu moja kwa moja? Ng'ombe akiumia anahurumiwa. Mimi mnanitazama tu."

Unajua nilimjibu nini? Bila kuinua macho nilisema, "Si umezoea? Si ndiyo kazi yenu hiyo."

Akavua viatu, akaingia chumbani, akalala akiangalia ukuta. Jumapili sikusindikizwa kituoni. Ndani ya basi nikawa na saa tatu za kujiuliza nimefanya nini.

Sasa jiweke wewe pale. Umeulizwa na mtu mzima, baba wa watu, umsaidie afe. Ukisema ndiyo, umevunja sheria na kiapo. Ukisema hapana, unamuacha kwenye maumivu unayoyaona kwa macho yako. Unatoka hapo unapita sokoni kununua nyanya, unarudi nyumbani, na mwenzi wako anakuambia umezoea.

HUKO ULAYA NYINGINE WANAFANYAJE?

Wiki ile nilisoma kuliko nilivyosoma chuoni. Nilitaka kujua wenzetu walikoruhusu jambo hili wanamfanyaje yule anayelitekeleza. Maana ziko nchi ambazo lile ombi la mzee lina fomu yake.

Uholanzi sheria yao ilianza kufanya kazi Aprili 2002, Ubelgiji wakafuata mwaka huohuo. Mgonjwa mwenyewe aombe kwa hiari, awe na akili timamu, mateso yake yasiwe na matumaini ya kupungua, na daktari wa pili asiyehusika na tiba yake amwone. Mwaka 2024 vifo vya namna hiyo vilivyoripotiwa Uholanzi vilikuwa 9,958. Canada waliruhusu mwaka 2016, na mwaka 2023 pekee walifikia 15,343. Victoria, lile jimbo la Australia lenye mji wa Melbourne, walipitisha sheria 2017 ikaanza Juni 2019. Uingereza nako mjadala ulipamba moto: Juni 2025 wabunge 314 walikubali muswada wao, 291 wakakataa, ukasogezwa mbele kwenda Baraza la Malodi.

Unaweza kusema hayo ni ya wazungu, yatuhusu nini? Ndugu yangu, hesabu kwenye ukoo wako mna wangapi wanaofanya uuguzi au kulea wazee ng'ambo. Binti wa Moshi au kijana wa Kisumu aliyeko wodini Toronto anaweza kukutana na ombi hilo kesho asubuhi, na safari hii ni halali. Canada hata wauguzi wa ngazi ya juu wanaruhusiwa na sheria kulitekeleza wenyewe, wala si madaktari tu.

Na bara letu limeshagongewa mlango. Mwaka 2015 wakili wa Afrika Kusini, Robin Stransham-Ford, aliyekuwa na kansa, aliiomba Mahakama Kuu Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa. Jaji akakubali tarehe 30 Aprili. Kumbe saa chache kabla ya amri kutoka, mwombaji alikuwa ameshakata roho mwenyewe, na jaji hakuwa na habari. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile amri.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni yule daktari. Kwenye picha tunazojengewa anaonekana kama mtu baridi, anachoma sindano anaangalia saa. Mambo yalivyo sivyo. Waholanzi waligundua mapema kwamba daktari wa familia aliyekaa na ombi la namna hii peke yake analemewa, hivyo mwaka 1997 Amsterdam wakaanzisha utaratibu wa madaktari waliofundishwa maalumu kwa kazi ya kushauri wenzao, na baadaye ukaenea nchi nzima. Daktari ana swali, ana wasiwasi, anapiga simu, mwenzake anakuja. Baada ya kifo, faili linapitiwa na kamati yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili.

Canada sheria ilipopita, madaktari wachache waliokubali kazi hiyo walijikuta wapweke, wengine wenzao wanawaangalia kwa jicho la pembeni. Wakaunda chama chao mwaka huohuo 2016. Rais wake wa kwanza, Dk. Stefanie Green, kwa miaka mingi kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuzalisha. Mtu aliyekuwa anapokea watoto akaenda kusindikiza wanaoondoka. Mke wangu nilipomsomea hiyo alinyamaza kidogo, akasema, "Ni chumba kilekile, watu wanasubiri nje vilevile."

Australia wao kuna kitu kinachowasumbua hadi leo. Victoria sheria ya 2017 ilimkataza daktari kulianzisha yeye hilo jambo, mpaka mgonjwa alitaje mwenyewe. Sawa, hiyo ina mantiki yake. Ila kuna sheria nyingine ya nchi nzima inayozuia kutumia simu au mtandao kumshawishi mtu ajiue, na Novemba 2023 mahakama ya shirikisho ikasema kifo hiki nacho kinaingia humo. Kwa hiyo daktari wa mgonjwa aliyeko kijiji cha mbali inabidi asafiri, ama mgonjwa asafirishwe, kwa mazungumzo ambayo yangeisha kwa simu. Unaona? Hata walikoruhusu, mhudumu anaweza kujikuta anatembea huku anaogopa kivuli chake.

Na kote huko anayekataa kwa dhamira yake halazimishwi. Hilo nalo ni msaada, tena mkubwa.

HAPA KWETU, NA ILE CHUPA

Tanzania tusidanganyane, sheria iko wazi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Tena anayeharakisha kifo cha mgonjwa ambaye angekufa tu kwa ugonjwa wake, naye anahesabiwa ndiye aliyeua. Msikiti na kanisa wameshatoa jibu lao, na sidhani kama msimamo huo unabadilika kesho.

Mimi binafsi nilibaki na swali dogo. Mzee wetu aliomba kufa, au aliomba maumivu yaishe? Ni maombi mawili tofauti, ila ukiwa kwenye maumivu yale yote mawili yanatoka kwa sentensi moja. Kule jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ipo tangu 1997, madaktari huripoti sababu za wanaoomba, na mwaka hadi mwaka miongoni mwa zinazoongoza ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao. Maumivu yako chini kwenye orodha, kwa kuwa dawa ya maumivu wanayo. Sisi bado tuko kwenye kipengele ambacho wenzetu walishakivuka. Tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu mwaka 2017: katika tani 298.5 za dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa zinafikiwa na tani 0.1. Isome tena hiyo.

Na si dawa ya ajabu wala ya bei. Uganda ndiyo walitufundisha. Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mofini yake ilitengenezwa kwa unga, maji na kihifadhi, ikatiwa rangi ili mtu asichanganye kali na isiyo kali, ikaingizwa kwenye chupa ya plastiki, ikanywewa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikapitisha kwamba nesi au tabibu aliyesomea fani hiyo anaweza kuiandika mwenyewe, asisubiri daktari ambaye yuko wilaya tatu mbali. Mama huyo alifariki Kampala mwaka 2025. Kwa maoni yangu anastahili barabara kwenye kila mji wa Afrika Mashariki.

Kwetu fani hiyo inaitwa tiba shufaa. Haimponyi mgonjwa, inamwondolea maumivu, kichefuchefu, hofu, inakaa na ndugu zake, inamwita shehe au padri akitaka. Taasisi ya Saratani Ocean Road wanaitoa, Selian kule Arusha walianza kwenda kwa wagonjwa majumbani tangu 1999, Muheza nako wana historia nzuri. Ukiwa Ulaya ya Kilosa yote hayo yako mbali.

Tuseme tu ilivyokuwa. Mke wangu alimweleza tabibu wake mkuu, tabibu akampigia daktari aliyemtibu mzee Dar, wakakubaliana. Mtoto wa mzee akabeba barua na kadi ya hospitali, akapanda treni ya SGR pale Kilosa asubuhi, kesho yake jioni akarudi na chupa ya maji yenye dawa chungu kama mwarobaini. Dozi ndogo kila baada ya saa nne, ya usiku inaongezwa ili mtu alale, na dawa ya kulainisha choo juu yake, maana mofini inafunga tumbo na hilo watu wengi hulisahau.

Siku ya tatu mzee alilala usiku mzima. Siku ya tano akaomba redio. Siku ya saba akaomba perege wa kuchoma, akala nusu, akamgombeza mjukuu kwa kuacha mbuzi wameingia kwenye mahindi. Lile suala la sindano ya moja kwa moja hakulitaja tena. Mke wangu alimuuliza siku moja, taratibu, kama bado analiwaza. Mzee akasema, "Mwanangu, siku ile hayakuwa mimi yanayoongea."

Sisemi kila mgonjwa angejibu hivyo. Wapo ambao hata chupa ikiwepo wangeomba vilevile, na sitajifanya nimeshayamaliza yao kwa makala ya gazeti.

USIKU WA DOZI MPYA

Mzee alipata wiki sita. Wiki ya mwisho maumivu yalipanda, tabibu akaelekeza dozi iongezwe. Mke wangu ndiye aliyemnywesha ya kwanza ile jioni mwenyewe, akamwonyesha bibi kipimo kipya, akaondoka. Alfajiri mzee akaaga dunia, usingizini.

Saa moja asubuhi mpwa mmoja aliyekuja kutoka mjini anauliza mbele za watu: "Huyu nesi alimpa nini jana?"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa kazi ya mke wangu. Nilikuwa nimedhani kinachomchosha ni kuona watu wanakufa. Kumbe mwingine ni huu: ukimwacha mtu aumie, hakuna anayekuuliza. Ukimpunguzia maumivu, unakuwa mshukiwa. Wataalamu wa tiba shufaa wanafundisha kila siku kwamba mofini ikipandishwa kwa hatua, kulingana na maumivu, haimuui mgonjwa. Anakufa kwa ugonjwa wake, ila anakufa hajakunja uso. Nenda ukaieleze hiyo kwenye uwanja wa msiba, saa moja asubuhi, watu wanalia.

Alinipigia simu. Hakulia. Alikuwa anarudia tu vipimo: "Nilitoa hiki, saa hii, aliniandikia fulani, nimeandika kwenye daftari." Kama mwanafunzi anayejitetea kwa mwalimu. Safari hii nilizima kila kitu nikasikiliza. Kisha nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari.

Kilichomwokoa ni mambo mawili. Daftari, kwa kuwa kila dozi ilikuwa na saa na saini. Na tabibu wake mkuu, ambaye alikuja msibani kabla ya mazishi, akaomba nafasi, akasema kwa Kiswahili chepesi: uamuzi wa dawa ni wangu, hesabu zake hizi hapa, huyu binti alifanya nilichoandika, na bila yeye baba yenu angekufa analia. Mpwa alinyamaza. Watani wakaanza vituko vyao pale kaburini, watu wakacheka kidogo, mambo yakaendelea.

Bosi wa namna hiyo ni dawa kuliko semina. Nawaambia nyie mameneja wa hospitali mnaosoma hapa: mtu wenu akitoa huduma ya mwisho, msimwache akasimama peke yake mbele ya ndugu. Na uamuzi mgumu usikae kwenye kichwa cha mtu mmoja. Wawili wakae, waandike, wasaini. Uholanzi wamelifanya hilo kuwa sheria. Sisi tunaweza kulifanya kuwa desturi tu, halihitaji bajeti.

Kuna kitu kingine cha bure. Nesi mmoja wa dharura kule Virginia, Marekani, Jonathan Bartels, alichoshwa na jinsi mgonjwa akifa watu wanavua glovu na kutawanyika kama vile taa imekatika. Akaanza kuwaomba wenzake wasimame kimya, chini ya dakika moja, kwa ajili ya huyo mtu na kwa ajili ya kazi waliyoifanya, ndipo watoke. Umeenea hospitali nyingi duniani mtindo huo. Dakika moja tu. Mke wangu na wenzake wameujaribu, mwanzoni waliona aibu.

SASA WEWE ULIYEOA AU KUOLEWA HUMO

Najua mko wengi. Mke daktari, mume nesi, mchumba anasomea utabibu Ifakara. Nitasema niliyojifunza mimi kwa makosa yangu, mengine mtajazia.

La kwanza lile neno "umezoea" lifute. Hakuna anayezoea. Anachozoea ni kuficha. Akirudi kimya, usimrukie na maswali kama polisi, na usimsomee hotuba. Maji ya kuoga, chakula, ukimya wa kama nusu saa, halafu "leo ilikuwaje?" na simu yako iwe imelala kifudifudi. Mimi siku hizi mpira wangu unasubiri. Arsenal hawajawahi kunikasirikia kwa hilo.

Usimdai majina. Kuna siri za wagonjwa amekula kiapo asizitoe, na wewe ukizijua, baada ya bia mbili zitakuponyoka. Mwache akueleze alichokihisi yeye. Kuna mengine hatakueleza kamwe, mtu wake wa kuyasikiliza ni mwenzake wa wodini, na usione wivu akiongea naye saa nzima usiku. Nilikuwa na wivu huo, nakiri.

Wanaume wanesi na madaktari ndio wamebanwa zaidi, wameambiwa mwanaume halii. Dada, ukimwona mumeo anafua gari saa tano usiku, usiseme amechanganyikiwa. Toka nje, mshikie ndoo.

Vilevile jua ilipo mipaka yako. Kama halali wiki nzima, anakunywa kuliko kawaida, kila kitu kwake ni hasira au hana habari na chochote, hapo mapenzi yako peke yake hayatoshi. Mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, nenda naye mlangoni. Wao wenyewe ndio wagumu kuliko wagonjwa wote, watakuambia "najijua".

Na lile swali likija nyumbani, maana litakuja, "hivi wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?", usikimbilie kutoa hukumu ya dini au ya sheria. Hizo anazijua kuliko wewe. Mimi nilipoulizwa nilisema sijui. Ilikuwa kweli, na alionekana kupumua.

AROBAINI

Ilipofika arobaini ya mzee tulikwenda wote. Mimi nilikaa na wanaume chini ya mwembe. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa jikoni, anataka kusaidia kuosha sahani, kama mgeni yeyote mwenye adabu.

Bibi alikuwa mkekani na wafiwa, binti zake, dada wa marehemu, wamejifunika kanga. Akamwona. Akamwita kwa mkono. Mke wangu akaenda akapiga goti kumpa pole, bibi akamkatiza.

"Pole unampa nani? Wewe si umefiwa?" Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. "Kaa hapa."

Mabinti wakasogeana wakampisha. Mmoja akamtupia kanga mabegani. Na wanawake waliokuwa wanaingia kutoa pole, wakianza na bibi, wakishika mikono mmoja baada ya mwingine, walipofika kwake nao wakamshika mkono: pole mama, pole sana, pole na msiba.

Nikamwona mke wangu analia, mbele za watu wote, kwa sauti. Nikatazama pembeni, chini ya mwembe, mzee mmoja akanipitishia sahani ya pilau.